BENDERA YETU: TUNAIJUA AU TUNAIONA TU?



Hivi majuzi tulikuwa kwenye baraza moja la kijiji. Bendera ikapandishwa, tukasimama wima, tukaimba wimbo wa taifa. Mara mtoto mmoja wa shule akamvuta mama yake nguo akisema, "Mama, bendera imepinduka." Kweli! Kijani kilikuwa juu na nyeusi chini. Sisi watu wazima wote tulikuwa tumetazama bila kuona. Basi tukaona heri tujikumbushe habari za bendera hii.

Ilianzia wapi?

Rangi nyeusi, nyekundu na kijani ni za zamani kuliko Uhuru wenyewe. Zilikuwa za chama cha KAU, kilichodai haki za Waafrika wakati wa ukoloni. Tarehe 26 Julai 1952, Mzee Jomo Kenyatta aliwaeleza maelfu ya watu mkutanoni Nyeri maana yake. Nyeusi ni watu weusi. Kijani ni nchi tuliyopewa na Mungu, yenye rutuba. Na nyekundu je? Wengi wetu tutajibu, "Ni damu iliyomwagika." Kumbe siku ile Mzee alisema ni kuonyesha kwamba damu ya Mwafrika ni nyekundu sawasawa na ya Mzungu. Yaani, sisi sote ni binadamu.

Oktoba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, Kenyatta akakamatwa. Mwaka 1953 KAU ikapigwa marufuku. Watu wengi walikufa katika miaka iliyofuata. Ndiyo sababu leo nyekundu yasomwa kuwa damu iliyomwagika kupigania uhuru.

Mistari myeupe

Chama cha KANU kilipoanzishwa mwaka 1960 kilichukua rangi zilezile tatu, na mwaka 1963 kikashinda uchaguzi. Lakini kulikuwa pia na wananchi wa KADU. Je, bendera ya chama kimoja ingekuwa ya wote? Hapana. Basi ikaongezwa mistari miwili myembamba myeupe, maana yake amani na umoja. Katikati ikawekwa ngao ya Kimaasai na mikuki miwili, ishara ya kulinda uhuru.

Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, huko Lang'ata, Nairobi, bendera ya Mwingereza iliteremshwa na yetu ikapanda. Kisoi Munyao naye aliipeleka mpaka Point Lenana, juu ya Mlima Kenya. Leo bendera imetajwa katika Katiba ya 2010, kifungu cha 9, miongoni mwa alama za taifa.

Tufanye nini?

1. Kabla ya kupandisha, angalia: nyeusi juu, nyekundu katikati, kijani chini. Njia rahisi ya kukumbuka: watu husimama juu ya ardhi, ardhi haisimami juu ya watu.

2. Bendera iliyochanika au kupauka isiachwe ikining'inia shuleni au kwa chifu. Kamati ya shule iweke bendera mpya kwenye bajeti, kama inavyoweka chaki.

3. Tuwafundishe watoto maana, si rangi tu.

Ndugu zangu, tumeona majirani wakifukuzana na nyumba zikichomwa kwa sababu ya kura, mwaka 1992 na tena mwisho wa 2007. Ile mistari myeupe ni myembamba sana. Tazama tena: mmoja uko kati ya watu na damu, wa pili kati ya damu na ardhi. Siku amani ikiondoka hapo katikati, damu itagusa watu, na itagusa mashamba yetu. Safari ijayo ukisimama mbele ya mlingoti, tafuta kwanza hiyo nyeupe, kisha ujiulize: mimi na jirani yangu, tunailinda?