Kijana Aliyechoka na Kikombe cha Kahawa

Leo nataka kusema nanyi habari ya jambo lionekanalo dogo, lakini lahusu afya na masomo ya watoto wetu. Kijana wa miaka 15 arudi kutoka shuleni amechoka. Akiisha kula chakula cha jioni afungua vitabu vyake, kwa maana mtihani u karibu, lakini macho yamfumba. Ndipo amwambiapo mama yake, "Mama, nipikie kahawa nipate kukesha." Je, mama ampe au amnyime?

Sisi hatukuja hapa kuitukana kahawa. Pwani, wazee huinywa barazani katika vikombe vidogo, pamoja na kashata. Bukoba, Wahaya humpa mgeni buni za kutafuna, na hiyo ni alama ya ukarimu. Kilimanjaro, ambako wakulima waliunda chama chao kikuu cha ushirika mwaka 1933, kahawa imelipa karo za watoto wengi. Kazi yetu leo ni kupima tu, kama mtu apimavyo kwa mizani.

Kwanza yafaa tujue kahawa hufanyaje kazi. Ndani ya buni mna kitu kiitwacho kafeini, ambacho mtaalamu wa Ujerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, alikitenga mwaka 1819. Sasa, mtu akaapo macho mchana kutwa, ubongoni mwake hukusanyika kitu kingine kiitwacho adenosini. Hicho huingia mahali pake kama ufunguo katika kufuli, na mtu huona usingizi. Kafeini yafanana nacho kwa umbo. Huingia katika kufuli ile ile na kuiziba, bali haiifungui. Basi usingizi hukosa mlango. Fahamuni sana neno hili: kahawa haiondoi uchovu, huuficha tu. Deni la usingizi li pale pale, na siku ya kulipa yaja.

Pili, kafeini haitoki mwilini upesi. Kwa watu wengi, nusu yake huwamo bado baada ya saa 5 hivi. Kikombe cha mililita 200 chaweza kuwa na miligramu 90. Kijana akinywa saa 12 jioni, saa 5 usiku angali na miligramu 45 mwilini. Atalala kwa shida, ataamka mchovu, na jioni ataomba kahawa tena. Hivyo dawa yenyewe yazaa ugonjwa. Tena usiku ndipo ubongo uwekapo akiba ya yale yaliyosomwa mchana. Akeshaye kwa kahawa usiku wa kuamkia mtihani hujinyima mavuno ya shamba alilolima mwenyewe.

Hapo baba atasema, "Mwanangu ni mvivu, ndiyo maana haamki." Labda sivyo. Mtu abalehepo, saa ya mwili wake husogea mbele, usingizi ukachelewa kumjia usiku na kuchelewa kumtoka asubuhi. Naye ahitaji usingizi wa saa 8 hata 10 kila usiku; ndivyo walivyoshauri mabingwa wa usingizi wa Marekani mwaka 2016. Kijana alalaye saa 5 usiku na kuamshwa saa 10 alfajiri achote maji, kisha atembee mwendo mrefu kwenda shule, amepata saa 5 tu. Huyo hana haja ya kahawa. Ana haja ya kitanda.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote: uchovu waweza kuwa dalili ya maradhi. Malaria huchosha. Safura hunyonya damu kidogo kidogo. Upungufu wa damu huwapata hasa wasichana waliokwisha vunja ungo. Tena kahawa au chai inywewayo pamoja na chakula huzuia mwili usipate sawasawa madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, nayo ndiyo madini ya kujenga damu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana aliyechoka majuma mawili au matatu, ingawa alala vya kutosha, apelekwe zahanati akapimwe damu na choo.

Basi hukumu ni nini? Wengine husema kahawa humzuia kijana kukua kimo. Neno hilo halikuthibitishwa. Wataalamu wa chakula wa Ulaya walisema mwaka 2015 ya kwamba miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya mwili, kwa siku, haziletei kijana wasiwasi wa madhara. Mwenye kilo 50, basi, kikomo chake ni miligramu 150, na chai na soda nyeusi huhesabiwa humo. Kwa hiyo kijana mkubwa mwenye afya na apewe, akitaka, kikombe kimoja kidogo cha asubuhi, mbali na chakula. Baada ya adhuhuri asipewe. Na yule aliyechoka kila siku asipewe kabisa mpaka sababu ya uchovu wake ijulikane.

Mama, mwanao akiomba kahawa usiku, mwambie afunge kitabu, azime taa, alale. Nawe umpunguzie kazi za alfajiri wakati wa mtihani. Kwa herini.