Bwawa la Koi: Kinachotunzwa ni Maji

Jumamosi iliyopita mwanafunzi mmoja mdogo aliniuliza kwa nini mikono yangu inanuka samaki ilhali mimi ni muuguzi. Nilicheka, lakini swali lilikuwa zuri, na jibu lake ndilo hili.

Jirani yetu ni bibi wa Kiingereza mwenye zaidi ya miaka 80. Nyuma ya nyumba yake kuna bustani aliyoipanda na marehemu mumewe tangu ujana wao: mtufaha mkubwa, miti mingine ya kivuli, na katikati bwawa lenye koi 11. Mwaka jana Bibi alivunjika nyonga. Alipolazwa aliniachia ufunguo wa lango akasema, "Walishe tu." Basi nikawa mfugaji.

Koi walianzia Japani. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakulima wa mpunga wa Niigata walikuwa wakifuga samaki wa kitoweo, wakaona baadhi yao wana madoa ya rangi, wakawachagua na kuwazalisha. Mliotoka Kenya mnawajua ndugu zao: wale samaki wanene wa rangi ya udongo wanaovuliwa siku hizi Ziwa Naivasha. Koi akitunzwa vizuri hufikisha miaka 25 na zaidi, na urefu wa sentimita 60. Kwa hiyo watoto, baadhi ya samaki wa Bibi ni kaka na dada zenu wakubwa.

Mwezi wa Julai jua lilikuwa kali na maji yakapungua. Nikatandaza mpira wa maji, nikafungua bomba, nikaenda zangu kupika. Niliporudi bwawa limejaa pomoni, nikajipongeza. Jioni samaki wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wanahema kama wagonjwa wa pumu. Asubuhi wawili walikuwa wamekufa. Mmoja ni yule mweupe mwenye doa jekundu kichwani, kipenzi cha Bibi.

Kazini nimezoea kutoa habari mbaya, lakini siku ile nilizunguka nje ya hospitali mara mbili kabla ya kuingia wodini. Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Waliobaki wanahema vipi?" Akanieleza kwamba chupa ya dawa ya kuondoa klorini iko kwenye kibanda cha bustani, rafu ya juu.

Maji ya bomba hapa London hutiwa dawa yenye klorini ili sisi tusiugue. Kwetu ni salama. Lakini samaki huvuta hewa kwa matamvua, yale mashavu mekundu ambayo mama huyatoa anapomsafisha samaki, na klorini huyaunguza. Tena huua bakteria wa kwenye chujio, na hapo ndipo penye siri yote ya bwawa.

Chujio ni figo za bwawa. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye sifongo za chujio huigeuza kuwa nitriti. Nayo ni sumu: huingia kwenye damu ya samaki ikaifanya ya kahawia, isiweze kubeba oksijeni. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa na mimea huila. Ukiua bakteria hao, samaki wanaogelea kwenye mkojo wao wenyewe. Samahani wazazi, lakini watoto hawatasahau.

Ndiyo maana sifongo husuuzwa kwenye ndoo ya maji ya bwawa lenyewe, kamwe si kwa maji ya bomba, na pampu haizimwi usiku kuokoa umeme. Maji hubadilishwa kidogo kidogo, kama sehemu moja ya kumi kwa wiki, na yale mapya yatiwe dawa kwanza.

Koi hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu. Mpe kidogo, anachomaliza ndani ya dakika tano. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 hawezi kusaga chakula vizuri, kwa hiyo acha kumlisha hata akikuangalia kwa huruma. Barafu ikifunika bwawa usiipige kwa nyundo, kishindo chake huwaumiza. Weka juu yake sufuria yenye maji ya moto mpaka itoboke. Korongo wa kijivu nao hupenda koi kuliko sisi tunavyopenda mishkaki, hivyo wavu ni lazima.

Na hili nalisema kama muuguzi: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu. Lango la bwawa lifungwe kila mara.

Bibi amesharudi nyumbani, anatembea kwa mkongojo, na koi 9 wapo. Sasa majani yanaanguka. Yakioza majini hula oksijeni na kuchafua kila kitu. Jumamosi ya kwanza ya Novemba, baada ya darasa, tutauinua wavu na kuyamwaga. Bibi anakaribisha watoto watano, kila mmoja na mzazi wake. Njooni na glovu na buti za mpira. Watakaokosa nafasi waende Holland Park, kwenye Bustani ya Kyoto iliyofunguliwa mwaka 1991. Koi wapo, na hakuna kiingilio.