Nyumba ya ibada mlimani Mgeta

Hivi karibuni nilikuwa Mgeta, nikaonyeshwa kiwanja cha nyumba ya ibada. Mlima umechongwa ili kupata uwanja tambarare, na miti ya upande wa juu imekatwa yote. Mzee aliyenipeleka alitikisa kichwa tu.

Yeye anaikumbuka Februari 23, 1970. Siku hiyo ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa muda wa saa tatu hivi, na udongo ukaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Wataalamu waliochunguza walikuta kwamba karibu maporomoko yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Yaliyoanzia penye miti hayakufika hata moja katika mia.

Wabudha wa Kyoto, Japani, nao wana mteremko wao. Hekalu la Kiyomizu-dera, ambalo ukumbi wake mkuu wa sasa ulijengwa 1633, limetoa roshani juu ya bonde, ikabebwa na nguzo za mbao zenye urefu wa mita 13 hivi. Msitu umebaki chini yake.

Sisemi Mgeta wajenge roshani kama ile. Fedha zitoke wapi? Lakini ukumbi waweza kushuka kwa ngazi mbili tatu ukifuata mteremko, mfereji ukakinga maji juu ya ukuta, na miti ikapandwa tena. Waumini wale bado hawajamwaga zege. Masika huanza Machi.