Muvi ya jambazi kwa bajeti ya chai: Kwale ina kila kitu isipokuwa bunduki

Machi 3, 1934, mfungwa mmoja kwa jina John Dillinger alitoka katika jela ya Crown Point, jimbo la Indiana, Marekani, ambayo wakuu wake walikuwa wakijigamba kwamba haitoroki mtu. Silaha yake, kama alivyosimulia mwenyewe, ilikuwa kipande cha mti kilichochongwa kikafanana na bastola, kikapakwa rangi nyeusi. Aliwafungia askari ndani, akachukua gari la sherifu mwenyewe, akaenda zake. Baadaye alipiga picha akiwa ameushika mti ule, anacheka.

Kwa lugha ya watu wa filamu, jamaa alitoroka kwa kifaa cha kuigizia.

Kisa hiki kinatuhusu huku Pwani Kusini kuliko unavyodhani. Kijana wa Ukunda au Msambweni akishapata simu yenye kamera safi na marafiki watatu wasio na kazi, wazo la kwanza huwa muvi ya majambazi. Tumelelewa na hizo. Tumezitazama kwenye vibanda vya video, sauti ya DJ Afro ikipasua spika, shujaa akipewa jina la mtaani. Na swali la kwanza la kikao huwa lile lile: bunduki tutatoa wapi?

Nami nasema hilo ndilo swali la mwisho. Ushahidi wangu ni filamu yenye zaidi ya miaka 80.

Inaitwa Dillinger, ilitoka 1945, ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na ina urefu wa dakika 70 tu. Waliotoa pesa ni ndugu wa familia ya King, watu waliokuwa katika biashara ya mashine za kamari kabla ya kuingia sinema. Studio iliitwa Monogram, mojawapo ya zile ndogo za Hollywood ambazo wakubwa walizibandika jina la dharau, Mtaa wa Umaskini. Mwongozaji alikuwa Max Nosseck. Mwigizaji mkuu, Lawrence Tierney, hakuwa nyota. Alikuwa na uso tu, uso wa mtu ambaye ungevuka barabara usikutane naye.

Hawakuwa na pesa za kupiga tukio kubwa la ujambazi. Wakafanyaje? Walichukua vipande vya filamu nyingine, You Only Live Once ya Fritz Lang iliyotoka 1937, vyenye mvua, moshi na watu waliovaa vinyago vya gesi, wakavishona ndani ya filamu yao. Mtazamaji wa kawaida hajui. Anaona mvua, anaona moshi, anaona uso wa Tierney, akili yake inamalizia kazi. Na filamu hiyo ya vijisenti ikateuliwa kuwania Oscar ya mswada bora wa filamu ulioandikwa moja kwa moja kwa ajili ya sinema. Mwandishi wake ni Philip Yordan.

Ukimtafuta Tierney leo, utamkuta amezeeka katika Reservoir Dogs ya 1992. Ni yule bosi mwenye upara, Joe, anayewagawia majambazi majina ya rangi. Filamu hiyo inahusu wizi wa almasi na wizi wenyewe huuoni hata sekunde moja. Unaona watu kabla, unaona watu baada, wakilaumiana ndani ya bohari huku mmoja akivuja damu sakafuni. Linganisha na Public Enemies ya 2009, Johnny Depp akiwa Dillinger, iliyogharimu takriban dola milioni 100. Nzuri kwa macho, sikatai. Lakini ni ipi kati ya hizo mbili unayoweza kuipiga Jumamosi na Jumapili kwenye godauni la mjomba wako?

Basi turudi nyumbani tuhesabu tulicho nacho.

Moshi tunao. Monogram walilazimika kuutengeneza, sisi tuna makumbi ya nazi. Washa rundo moja nyuma ya nyumba jioni, mwagia maji kidogo, utapata ukungu ambao London yenyewe ingeuonea wivu (waarifu majirani kwanza). Mvua tunayo, masika yakikaza mwezi wa tano. Majengo tunayo pia: kando ya ufuo wa Diani kuna hoteli zilizofungwa, madirisha yametoka, mizizi imepanda ngazi, mbega wamejitwalia vyumba. Genge likijificha pale halihitaji kupambiwa ukuta. Omba ruhusa kwa mlinzi na mwenye mali, lakini. Kinachosumbua ni sauti. Upepo wa kusi utakula maneno yote ya waigizaji wako, na kunguru watamalizia. Piga matukio ya mazungumzo ndani ya nyumba.

Utajiri wetu wa kweli, hata hivyo, ni ramani.

Hebu fikiri wewe ndiye umetoka benki pale Ukunda na mfuko. Unaenda wapi? Kaskazini ni Likoni, na huko unamngoja nani? Feri! Jambazi amesimama kwenye foleni na mama wa samaki, anatokwa jasho, mfuko kwapani, na feri haijafika. Hakuna mwandishi wa Hollywood aliyewahi kupata adha tamu kama hiyo. Siku hizi kuna njia ya Dongo Kundu kupitia Kibundani, sawa, ila barabara ile ni peupe, haina kichochoro. Magharibi unapanda kwenda Kwale mjini na msitu wa Shimba Hills, ambako usiku barabara ni ya tembo. Kusini ni Msambweni, Ramisi, halafu mpaka wa Lunga Lunga, ng'ambo yake Horohoro, Tanzania. Mashariki ni bahari. Kutoka Shimoni mtu anaweza kuota Pemba, lakini katikati ya kusi nahodha mwenye akili atakuuliza kama umechoka kuishi.

Mpaka ndio uliommaliza Dillinger. Lile gari la sherifu alilivusha kutoka Indiana hadi Illinois, na kuvusha gari la wizi kutoka jimbo moja hadi jingine lilikuwa kosa la serikali kuu. Hapo ndipo maafisa wa J. Edgar Hoover, taasisi ambayo leo ni FBI, walipopata mlango wa kumwandama. Kabla ya hapo alikuwa tatizo la polisi wa majimbo. Kosa dogo la njiani likawa kubwa kuliko benki alizopora. Hadithi kama hiyo Lunga Lunga inaijua vizuri: pikipiki, mahindi, sukari, kila kitu hubadilika maana kikivuka kile kizuizi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ile filamu ya 1945 ililiruka, na naona ndipo ilipokosea.

Dillinger aliachiliwa kwa masharti Mei 1933, baada ya miaka karibu tisa jela kwa kumvamia mwenye duka la vyakula kijijini kwao. Alitoka akakuta nchi imeanguka. Kati ya 1930 na 1933 benki zipatazo 9,000 zilikuwa zimekufa Marekani, pamoja na akiba za watu. Karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Wakulima walinadiwa mashamba. Mtu kama huyo akiingia benki na bastola, raia wengine walishangilia wakimwona kwenye sinema za habari. Si kwa sababu alikuwa mwema. Watu waliuawa katika matukio yake, akiwemo polisi. Walishangilia kwa sababu benki ilikuwa imewaibia kwanza, kwa karatasi na mhuri.

Ndani ya filamu hayo yote hayamo. Dillinger wa Tierney ni mtu mkatili tu, kama kwamba alidondoka kutoka mwezini. Sababu inaeleweka. Mwaka ule wa 1934, jambazi akiwa bado hai, mkuu wa chama cha studio kubwa, Will Hays, alizipiga marufuku studio wanachama kutengeneza filamu yoyote juu ya maisha yake. Hata miaka 11 baadaye, kumpa sababu kungeonekana kama kumpa sifa.

Kijana wa Kwale hana kisingizio hicho, maana mdororo wetu umejaa majina ya mahali. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikufa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kikaacha vijiji vizima vikitazama mabomba yenye kutu, hadi sukari ilipofufuliwa na mwekezaji mwingine miaka mingi baadaye. Mgodi wa Base Titanium ulianza kusafirisha madini 2014 na ukamaliza kuchimba Desemba 2024. Waliokuwa wakipika, wakiendesha magari, wakipangisha vyumba, wote waliuhisi mwezi wa kwanza bila mshahara ule kuzunguka. Utalii nao huja na kuondoka kama maji ya Mwachema. Weka hilo nyuma ya jambazi wako, dakika tano tu, chumba kimoja, baba aliyerudi na kofia ya kazi mkononi, na mtazamaji ataelewa bila wewe kufyatua risasi. Hiyo haigharimu shilingi.

Wakenya wameshafanya kazi ya aina hiyo. John Kiriamiti alihukumiwa miaka 20 mwaka 1971 kwa ujambazi, akaandika My Life in Crime akiwa gerezani, kikachapishwa 1984, na hadi leo kinasomwa mpaka kurasa zinachomoka. Nguvu ya kitabu iko kwenye woga wa kila siku wa mtu aliyekimbia shule akiwa mdogo, si kwenye hesabu ya benki. Nairobi Half Life ya 2012, iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga, inaanza na Mwas, kijana wa kijijini anayeuza muvi huku akiziigiza mbele ya wateja. Unamjua huyo. Yuko kila stendi, ya Kombani na ya Lunga Lunga. Joseph Wairimu alishinda tuzo ya mwigizaji bora Durban kwa nafasi hiyo. (Na usichanganye: Shimoni ya Angela Wanjiku Wamai, ya 2022, haihusu Shimoni yetu ya mapango. Nimeona watu wakibishana bure.)

Sasa lile swali la bunduki. Nimelichelewesha makusudi, kwa sababu hapa si mchezo tena.

Kenya mtu hushtakiwa kwa kupatikana na bastola bandia. Polisi wa doria anayepita usiku akaona vijana wanne wenye vinyago na kitu cheusi mkononi hatauliza kama ni plastiki. Haki Africa na MUHURI wameandika kwa miaka mingi visa vya vijana wa Pwani waliouawa au kutoweka. Kwa hiyo, mwanangu, usimpe rafiki yako kipande cha mti akimbie nacho barabarani Ukunda saa mbili usiku eti sanaa. Ule mti ulimtoa Dillinger jela. Wewe unaweza kukupeleka kaburini.

Fanya hivi. Kibali kwanza. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ni ya 1962, imetukuta kutoka enzi ya mkoloni, na inataka leseni na maelezo ya matukio yako kabla ya kupiga filamu ya kuonyesha watu. Ombi hupitia Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Inakera, ndiyo. Wengi huiona kama kuomba ruhusa ya kufikiri. Lakini ukiwa na karatasi ile, nakala moja ipeleke kituo cha polisi cha eneo lako na nyingine kwa chifu, na tukio lolote lenye silaha lipige ndani ya ua uliofungwa, mchana.

Au andika bila bunduki kabisa. Jambazi wa leo hahitaji hata mti. Ana laini tano za simu na sauti ya upole: "Shikamoo mama, kuna pesa nimetuma kwako kimakosa." Mpige picha akiwa amekaa juu ya kreti ya soda, akimpigia mama mzee wa Vanga, na sisi tumwone mama huyo akitafuta miwani. Hakuna tukio la benki litakalokuumiza tumbo kama hilo.

Kisa cha kweli cha Dillinger kiliishia Julai 22, 1934, mlangoni pa jumba la sinema la Biograph, Chicago. Alikuwa ametoka kutazama Manhattan Melodrama, muvi ya majambazi, maafisa wakampiga risasi kando ya barabara. Filamu ya 1945 inaongeza jambo lake dogo. Wizi wake wa kwanza humo ni wa dola 7 na senti 20, na akishakufa, zinazopatikana mfukoni ni dola 7 na senti 20. Ukunda hiyo ni nauli ya matatu hadi Likoni na chenji juu. Feri kwa waendao kwa miguu ni bure.