Kilo za Kaboni Ndizo Zinazonasa Harufu

Tangu Aprili 1, 2024, sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu mzima kuotesha miche mitatu ya bangi nyumbani kwake. Lakini anatakiwa asiwakere majirani, na hapo ndipo kazi ilipo. Mmea ukishatoa maua, harufu yake hupenya chini ya milango na kupanda ngazi hadi ghorofa ya juu. Kanada nako, ambako majimbo mengi yanaruhusu miche minne kwa kaya tangu Oktoba 2018, tatizo ni lilelile. Ndiyo maana wauzaji wa mahema ya kuoteshea ndani huuza pia kichujio cha kaboni: pipa la bati lenye matundu, lililojazwa punje nyeusi na kuunganishwa na feni.

Tanzania na Kenya kilimo hicho kingali kosa la jinai. Kaboni yenyewe, hata hivyo, si ngeni huku. Wachenjuaji wa dhahabu wa Geita huitumia kunasa dhahabu iliyoyeyushwa kwa sayanaidi, na iliyo bora hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, vilevile vinavyorundikana nyuma ya jiko lolote la pwani. Sri Lanka, India na Ufilipino zimejenga viwanda vikubwa juu ya vifuu hivyo.

Kifuu huchomwa kwanza katika hewa haba hadi kiwe mkaa. Kisha mkaa huo hupitishiwa mvuke wa maji katika joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi. Mvuke hula sehemu ya mkaa na kuacha vitundu visivyohesabika, vingi vikiwa na upana usiozidi nanomita 2. Kuta za vitundu vya gramu moja tu zikitandazwa, zinaweza kupita mita 1,000 za mraba. Gramu nane zingefunika uwanja wa mpira. Molekuli za harufu zikipita hugandamana na kuta hizo na kubaki. Mkaa wa kupikia haujapitia hatua ya mvuke, kwa hiyo anayeuponda na kuujaza kwenye kichujio anajisumbua bure.

Harufu ya bangi si kitu kimoja. Imo mirsini, imo limonini inayopatikana pia kwenye ganda la limau, imo pinini ya misonobari. Mwaka 2021 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba ule ukali unaokera zaidi hutokana na misombo ya salfa, mmojawapo ukiwa uleule unaoharibu bia iliyopigwa na jua. Kiasi cha misombo hiyo ni kidogo mno, lakini pua huinasa hata ikiwa chembe. Kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya harufu na kuachia kidogo bado kitamletea mwenye nyumba malalamiko.

Basi mnunuzi achague kichujio kwa kigezo gani? Wanunuzi wengi hutazama namba ya lebo inayotaja mita za ujazo kwa saa, ilhali cha kuuliza ni hewa inakaa muda gani ndani ya kaboni.

Chukua hema lenye upana wa mita 1.2 kila upande na kimo cha mita 2. Ndani yake mna karibu mita 2.9 za ujazo za hewa. Kuibadilisha yote mara moja kwa dakika kunahitaji takribani mita za ujazo 175 kwa saa. Ukihesabu joto la taa, kona za bomba na ukinzani wa kaboni yenyewe, feni ya mita za ujazo 250 kwa saa inafaa. Sasa linganisha vichujio viwili vyenye mdomo uleule wa milimita 125. Cha kwanza kina urefu wa sentimita 30 na tabaka la kaboni la milimita 38: hewa ya feni hiyo itakaa ndani yake kwa sekunde 0.08 hivi. Cha pili kina urefu wa sentimita 50 na tabaka la milimita 50, na humo hewa hukaa karibu sekunde 0.2. Cha kwanza kina kaboni ya kilo tatu hivi, cha pili zaidi ya sita. Mizani ya dukani, kwa hiyo, inasema mengi kuliko lebo.

Feni kubwa inayozungushwa taratibu ni nafuu kwa kila upande. Ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya kasi yake hutumia karibu nusu tu ya umeme, hupunguza kelele, na huipa kaboni muda wa kufanya kazi. Kichujio kining'inizwe juu ndani ya hema, feni ikivuta hewa kupitia humo. Hema likivutwa namna hiyo, kuta zake huingia ndani kidogo, na penye upenyo hewa huingia badala ya kutoka.

Anayejitengenezea anahitaji mapipa mawili ya bati lenye matundu, moja ndani ya jingine, vifuniko visivyovuja, na punje za milimita 2.4 hadi 4.8. Hatari kubwa imo katika kujaza. Punje hushuka zenyewe baada ya siku chache na kuacha mwanya juu, na hewa nyingi hukimbilia hapo bila kugusa kaboni. Pipa ligongwegongwe ubavuni huku likijazwa, tena na tena, hadi punje zisishuke tena. Vumbi lake ni baya kwa mapafu. Barakoa ni lazima.

Unyevu nao ni adui. Ukizidi asilimia 70, maji huanza kushika vitundu vilivyokusudiwa harufu. Kaboni ikishajaa, kuianika juani au kuiweka kwenye oveni ya jikoni hakuirudishii nguvu zake, kwa sababu joto linalohitajika liko kiwandani. Kwa matumizi ya kila siku, mwaka mmoja hadi mmoja na nusu ndio umri wa kawaida. Harufu ikianza kurudi, wapo wanaokimbilia mashine za ozoni. Gesi hiyo huunguza njia ya hewa ya binadamu na huharibu majani, na haina nafasi katika nyumba wanamolala watu. Pesa ya mashine hiyo inunue kaboni mpya.