Betri ya Gari Huonya Kabla ya Kufa

Dalili ya mvua ni mawingu, nayo betri ya gari ni nadra kufa pasipo kumwonya mwenyewe. Hata hivyo, asubuhi za Julai katika mitaa ya Kaloleni, Makadara, Jericho na Buruburu, si ajabu kuona watu wakisukuma gari lililokataa kuwaka, na mwenye gari akinung'unika kwamba betri imemtupa ghafula. Kwa mwenye teksi, au mchuuzi apaswaye kufika soko la Wakulima kabla ya mapambazuko, saa moja iliyopotea hivyo yaweza kuondoa faida ya siku nzima.

Mara nyingi si baridi iliyoiua betri, bali imefichua udhaifu uliokuwapo. Betri ya volti 12 ina seli sita, na ndani ya kila seli mna sahani za risasi zilizozama katika maji yenye asidi. Wakati wa baridi nguvu ya betri hupungua, ilhali oili ya injini huwa nzito na stata hudai umeme mwingi zaidi. Msongamano wa Barabara ya Jogoo nao huongeza taabu. Gari liendalo safari fupi za kusimamasimama huku taa zikiwaka, halirudishi umeme wote uliotumika kuliwasha. Betri isiyojaa kwa muda mrefu huota ukoko juu ya sahani zake, na uwezo wake hupungua siku hata siku.

Dalili za kuangaliwa ni hizi. Stata huzunguka kwa uzito asubuhi. Taa hufifia mno ufunguo unapogeuzwa. Kasha la betri huvimba, au hutoa harufu kama ya yai viza. Seli moja huishiwa maji upesi kuliko zenzake.

Lakini mwenye gari asikimbilie dukani. Waya uliolegea, au unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri, huweza kuifanya betri nzima ionekane mbovu. Kwanza visafishwe na kukazwa, kisha fundi apime kwa mita. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika usiku kucha, huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12 tu, i karibu tupu. Injini inapozunguka, kipimo hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Kikibaki chini ya 13, yafaa alternata na mkanda wake vichunguzwe, maana betri mpya nayo itaishiwa vivyo hivyo. Bali betri iliyochajiwa ikajaa, ikafunguliwa waya zote, na kesho yake ikawa imeshuka sana, hiyo imekwisha.

Kazi hii yataka hadhari. Betri inayochajiwa hutoa hewa iwezayo kulipuka. Sigara na kiberiti visikaribie. Waya wa hasi ufunguliwe kwanza na kurudishwa mwisho. Seli ziongezwe maji ya betri yaliyosafishwa, wala si ya mfereji.

Betri iliyokufa isivunjwe uani penye watoto, kwa kuwa risasi ni sumu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi wengi kabla hakijafungwa mwaka 2014. Betri kuukuu na irudishwe kwa muuzaji azipokeaye.