Dawa ya Uzazi Mikononi mwa Mwanamichezo: Tatizo la Istilahi

Mfasiri mmoja wa matangazo ya afya katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini alituletea sentensi, akitaka tumthibitishie usahihi wake kabla haijapigwa chapa. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: «Dawa za uzazi hutumiwa na wanamichezo ili kurudisha homoni za asili baada ya mzunguko wa dawa za kusisimua misuli.» Kisarufi haina kasoro. Kila neno lililomo limo kamusini, na hakuna hata moja ambalo mwalimu angelipigia mstari mwekundu. Hata hivyo hatukuipitisha. Tulikuwa na safari ya kikazi ya Mbeya na Iringa, tukaona yafaa kwanza tuisome mbele ya watu ambao tangazo hilo limekusudiwa wao: walimu, wauguzi, na vijana wanaonyanyua vyuma jioni.

Tuliyoyasikia yalitufundisha mengi. Huko Mwanjelwa, mjini Mbeya, mama mmoja alielewa kwamba wanamichezo wanameza vidonge vya uzazi wa mpango. Mwingine alidhani ni dawa ya kuharakisha uchungu wa kujifungua. Mjini Iringa kijana alituuliza kama homoni za asili zinapatikana kwa waganga, au zinauzwa pamoja na mizizi na magome sokoni. Mwenzake alicheka, akasema kwamba mzunguko ni mambo ya akina mama, na wala hakuona unamhusu nini mnyanyua vyuma. Yaani sentensi moja ilizaa maana nne, na katika hizo nne hapakuwa na ile iliyokusudiwa.

Kabla ya kulaumu maneno, hapana budi tueleze jambo lenyewe, kwa maana istilahi haiwezi kusimama mahali ambapo dhana haijasimama.

Mwili wa mwanamume hutengeneza homoni iitwayo testosteroni katika korodani. Korodani hazifanyi kazi hiyo kwa hiari yake. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo ya pituitari, na juu yake ipo sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Haipothalamasi huiamuru pituitari, nayo pituitari hutoa homoni mbili zinazosafiri katika damu hadi kwenye korodani: moja huamuru testosteroni itengenezwe, ya pili husaidia utengenezaji wa mbegu za kiume. Testosteroni ikishatosha, ubongo hupata habari, na amri hupunguzwa. Sehemu kubwa ya habari hiyo huletwa na estrojeni, homoni ambayo wengi huiita ya kike, ingawa mwanamume naye anayo, kwa kuwa mwili wake hugeuza kiasi cha testosteroni kuwa estrojeni. Utaratibu huu wa matokeo kurudi na kuidhibiti amri iliyoyaleta tunapendekeza uitwe mrejesho. Neno hili limekwisha kuzoeleka katika mikutano na semina, wala hatuoni sababu ya kulitafutia jingine.

Sasa tumfikirie kijana anayejidunga testosteroni au dawa nyingine za jamii ya steroidi ili atunishe misuli. Ubongo wake huona homoni imejaa tele katika damu, usijue imetoka katika bomba la sindano. Amri husimamishwa. Korodani, zikiwa hazina kazi, husinyaa, na mbegu za kiume hupungua, pengine zikatoweka kabisa. Siku atakapoacha kujidunga, ile homoni ya nje itakwisha mwilini na ile ya ndani itakuwa bado haijaanza tena. Hapo ndipo huja uchovu, huzuni, kukosa hamu ya unyumba, na misuli aliyoihangaikia kuanza kuyeyuka. Wengi hupona wenyewe baada ya miezi kadhaa. Wengine huchukua mwaka na zaidi. Na wako ambao hawarudii kikamilifu hali yao ya kwanza.

Katika pengo hilo ndipo dawa ya uzazi inapoingia. Iliyo mashuhuri zaidi ni klomifeni. Iliundwa Marekani mwaka 1956 na mwanakemia Frank Palopoli na wenzake, na mwaka 1967, mwaka uleule ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria, iliruhusiwa nchini humo kutibu wanawake ambao mayai yao hayapevuki. Kazi yake ni kuziba vipokezi vya estrojeni katika ubongo. Ubongo, usipoiona estrojeni, hudhani imepungua, nao huongeza amri. Kwa mwanamke amri hiyo hupevusha yai. Kwa mwanamume huziamsha korodani. Kwa hiyo dawa ni moja, tendo lake katika ubongo ni moja, ila matokeo hutofautiana kwa kuwa anayepokea amri ni tofauti. Wako madaktari wanaowapa klomifeni wanaume wenye upungufu wa testosteroni wanaotaka watoto, lakini matumizi hayo hayakuwa ndiyo yaliyoidhinishwa, na hufanywa kwa vipimo vya damu na uangalizi.

Ya pili ni homoni inayotengenezwa na kondo la nyuma wakati wa ujauzito, ambayo wanasayansi Aschheim na Zondek waliitambua katika mkojo wa wajawazito mwaka 1927. Sisi tunaiita gonadotropini ya kondo. Ndiyo inayobadili rangi ya kile kipimo cha ujauzito kinachouzwa katika maduka ya dawa; mwanamume aliyejidunga aweza naye kuonyesha mimba katika kipimo hicho. Inafanana sana na ile homoni ya pituitari inayoamuru testosteroni, hata korodani hazitambui tofauti. Mwezi Mei mwaka 2009 mchezaji mashuhuri wa besiboli wa Marekani, Manny Ramirez, alifungiwa michezo 50, na magazeti yakaripoti kwamba dawa iliyomponza ilikuwa hiyo. Wasomaji wengi wa habari ile walicheka: mwanamume na dawa ya wanawake! Kicheko hicho ni ushahidi wa tatizo letu. Jina la dawa lilikuwa limewaficha kazi ya dawa.

Shirika la kimataifa la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, WADA, lililoundwa mwaka 1999, limeiweka klomifeni katika orodha ya vitu vilivyokatazwa wakati wote, kwa wanaume na wanawake, na gonadotropini ya kondo imekatazwa kwa wanaume. Mwanamichezo anayedhani kwamba anajisafisha kwa dawa hizi ajue kwamba kujisafisha kwenyewe kunahesabiwa kuwa kosa.

Tumeeleza haya kwa kirefu kwa sababu ya mazungumzo tuliyoyafanya na kijana mmoja katika safari ile. Alikuwa amemeza klomifeni kwa majuma mengi, akijipimia kwa maelekezo ya rafiki. Macho yalianza kuona ukungu na vimulimuli. Aliendelea. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwamba aliambiwa ni dawa ya uzazi ya akina mama, na dawa ambayo mama mtarajiwa anaruhusiwa kuitumia itamdhuruje mwanamume mwenye afya? Tatizo la macho ni dalili inayojulikana ya dawa hii, nayo ndiyo inayomtaka mtu aache mara moja na kumwona daktari. Kuganda kwa damu katika mishipa nako kumepata kutokea. Kijana yule hakudanganywa na muuza dawa peke yake. Kwa kiasi fulani alidanganywa na maneno mawili ya Kiswahili.

Tuyatazame basi maneno yenyewe.

Neno uzazi limebeba mzigo mkubwa mno. Tunalo katika uzazi wa mpango, afya ya uzazi, wodi ya wazazi, na via vya uzazi. Katika kila kikundi hicho maana huegemea mahali pengine, na katika uzazi wa mpango huegemea upande wa kuzuia. Ukisema dawa ya uzazi, msikilizaji huchagua maana aliyoizoea zahanati. Mwalimu mmoja wa kilimo alitupendekezea dawa ya rutuba. Tulimshukuru, lakini katika nchi ya mahindi na viazi kama ile, rutuba ni ya shamba na dawa ya rutuba ni mbolea. Twaona afadhali dawa itajwe kwa kazi inayofanya na kwa mtu anayefanyiwa: kwa mwanamke, dawa ya kupevusha yai, kwa mwanamume, dawa ya kuamsha korodani. Panapotakiwa jina moja lisilobagua, itajwe kwa jina lake, klomifeni, na maelezo yafuate.

Hapa tunajua tutapingwa. Wapo watumishi wa serikali walio wastahivu ambao hawataki kuandika korodani katika tangazo litakalobandikwa ukutani, nao huandika sehemu za siri. Tunaiheshimu haya hiyo, maana lugha isiyo na staha haisomwi nyumbani. Lakini sehemu za siri ni nyingi na si zote zinazotengeneza homoni. Kati ya kende, pumbu na korodani, hili la mwisho ndilo lenye staha ya kutosha na maana ya kutosha, na mtangazaji wa redio aweza kulitamka bila kuinamisha uso.

Neno asili ni zuri mahali pengi, ila hapa limepotosha. Dawa za asili ni za mitishamba, waganga wa asili ni watu mahsusi, na mtu wa Mbeya au Iringa asikiapo homoni za asili huenda moja kwa moja huko. Tunapendekeza homoni ya mwili wenyewe, na kiwango cha kawaida cha homoni pale panapohusu kipimo. Kadhalika mfasiri aepuke kuziita homoni vichocheo. Tunafahamu kwamba vitabu kadhaa vya shule vimefanya hivyo. Lakini mwalimu wa kemia ana kichocheo chake, ambacho huharakisha mmenyuko bila chenyewe kwisha, na mwanafunzi yule yule huingia katika vipindi vyote viwili siku moja.

Mzunguko tumeuacha kwa damu na hedhi. Kipindi ambacho mtu hujidunga steroidi kiitwe awamu, nacho kinachofuata kiitwe urejeshaji wa homoni. Kuna waliotaka tiba ya urejeshaji. Tulilikataa neno tiba kwa makusudi. Tiba hutolewa na tabibu. Anachojifanyia mtu chumbani kwa kidonge alichonunua bila cheti cha daktari hakistahili heshima ya jina hilo, na tukikipa tutakuwa tumekiidhinisha kabla ya Wizara.

Limebaki gumu kuliko yote, nalo ni dawa za kusisimua misuli. Magazeti yetu yamelizoea, na redio pia. Hata hivyo si kweli. Ile dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu, ambayo imewaponza wakimbiaji wengi wa masafa marefu, haisisimui msuli wowote, na klomifeni ndiyo kabisa haiugusi. Mwanamichezo aliyesoma marufuku iliyoandikwa hivyo aweza kudai, kwa nia njema, kwamba dawa yake haimo. Wenzetu wa Kenya, ambao walitunga sheria yao mahsusi mwaka 2016, wameanza kuandika pufya katika magazeti yao. Ni fupi, linapokea viambishi, na halidai kitu kisicho kweli. Mbeya na Iringa hatukumkuta aliyelijua. Sisi wenyewe katika dawati la istilahi tumegawanyika: nusu yetu hulitaka, nusu husema lisubiri mpaka lisikike viwanjani, lisije likawa neno la ofisini tu. Kwa sasa mfasiri aandike dawa zilizokatazwa michezoni, ingawa ni ndefu.

Sentensi tuliyomrudishia mfasiri wetu ni hii: «Baadhi ya wanamichezo, wakisha kujidunga steroidi, humeza klomifeni bila cheti cha daktari ili korodani zianze tena kutengeneza homoni ya mwili wenyewe. Klomifeni ni miongoni mwa dawa zilizokatazwa michezoni. Ukiona ukungu machoni, acha kuitumia na umwone daktari siku hiyohiyo.» Ni ndefu mara mbili ya ile ya kwanza, naye alilalamika kwamba haitatosha katika karatasi. Tulimshauri aondoe picha.

Walimu na wafasiri waliozisikia istilahi nyingine za mambo haya, hasa katika wilaya za Rungwe, Kyela, Mufindi na Kilolo, na katika mikoa ya Njombe na Songwe iliyomegwa kutoka Iringa na Mbeya, wanaombwa watuandikie, wakitaja neno lenyewe, mahali liliposikika, na sentensi kamili lilimotumika.